Maswali ya Wasomaji: Bakteria wa Mtindi na Mkasi Wao Wenyewe

Barua za toleo hili zinazunguka jambo moja: bakteria wanaogandisha maziwa, na vimeng'enya vinavyokata ukuta wa seli zao wenyewe. Tumezifupisha barua, majibu tumeyaacha na urefu wake.

SWALI: Natengeneza mtindi hapa Mbarara, lita 10 kwa siku, nauza kwa vikombe. Mbegu ya kwanza nilinunua ya pakiti, na tangu hapo kila siku nachota kikombe kutoka sufuria ya jana natia kwenye ya leo. Wiki ya kwanza uliganda kwa saa tano. Sasa siku ya kumi na mbili unachukua saa tisa, na maji yanajitenga juu. Fundi mmoja wa maziwa ameniambia bakteria wangu "wanajila". Ni kweli hiyo?
*Mama wa mtindi, Mbarara*

JIBU: Mama, fundi wako ana nusu ya ukweli. Nusu hiyo uijue vizuri, maana ndiyo itakayokuambia mbegu uichote saa ngapi.

Kila bakteria wa mtindi amevaa ukuta uliofumwa kama wavu. Nyuzi zake ndefu ni sukari za aina mbili zinazopokezana, na kati ya uzi na uzi kuna vipande vifupi vya asidi amino vinavyozishikanisha. Wavu huo unaitwa peptidoglikani. Ndani ya seli kuna msukumo mkubwa wa maji, na wavu ndio unaozuia seli isipasuke. Lakini seli haiwezi kukua ndani ya wavu usiofunguka, wala seli mbili zilizokwisha kugawanyika haziwezi kuachana mpaka wavu ulio kati yao ukatwe. Kwa hiyo bakteria hujitengenezea mkasi, yaani vimeng'enya vya kukata ukuta wake mwenyewe. Vingine hukata uzi wa sukari, vingine hukata vile vipande vya asidi amino. Sisi hapa tunaita kazi hiyo kujimeng'enya.

Mkasi mmoja uliochunguzwa sana ni wa Lactococcus lactis, bakteria wa maziwa ya kugandisha bila joto kubwa na wa jibini nyingi. Unaitwa AcmA. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, waliisoma jeni yake mwaka 1995. Ni protini ya asidi amino 437, na mkiani ina vishikizo vitatu vinavyong'ang'ania ukuta ili upande wenye makali ufanye kazi. Mwanzoni walidhani unakata kiungo kilekile cha uzi wa sukari kinachokatwa na lisozimu, kimeng'enya cha ute wa yai kinachokata ukuta wa bakteria. Miaka kumi baadaye ikathibitika kuwa unakata kiungo cha pili, kile cha jirani. Wakiiondoa jeni hiyo, bakteria hawafi. Hugawanyika bila kuachana, wakawa minyororo mirefu mizito. Ukiiacha chupa yao imesimama, wote huzama chini kama unga na maji ya juu hubaki meupe. Chupa ya bakteria wa kawaida hubaki na ukungu kutoka juu hadi chini.

Seli ikiwa na nguvu, mjenzi na mkasi huenda pamoja: hapa panakatwa, hapo hapo panashonwa uzi mpya. Ujenzi unahitaji nguvu kila dakika. Mkasi ukishatoka nje ya seli hauhitaji nguvu yoyote. Siku seli inapoishiwa, mjenzi anasimama na mkasi unaendelea. Ukuta unatoboka, msukumo wa ndani unaisukuma seli nje kupitia tundu, na vilivyomo vinamwagika.

Turudi kwenye sufuria yako. Mtindi ulioganda bado una sukari nyingi ya maziwa, kwa hiyo si njaa. Kinachowasimamisha bakteria ni asidi waliyoitengeneza wenyewe. pH, yaani kipimo cha uchachu kinachoshuka kadiri uchachu unavyozidi, ikishuka kufika 4.2 na chini yake, nguvu yote ya seli huishia kusukuma asidi nje na ujenzi hupungua. Wengine hufa kwa asidi tu, wengine hupasuka. Kuna na jambo la tatu ambalo fundi wako hakulitaja. Mtindi una bakteria wawili, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, na kila unapochota mbegu kutoka sufuria iliyochacha sana uwiano wao unayumba. Siku ya kumi na mbili unapanda mbegu ya aina nyingine kabisa, na mara nyingi hamira za hewani zimekwisha kujiunga.

Acha kabisa kuchota mbegu kutoka sufuria ya biashara. Tengeneza mbegu mama peke yake. Chemsha lita 1 ya maziwa safi na uyaweke kwenye moto mdogo dakika 10. Mbarara iko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka karibu na sentigredi 95, na joto hilo linatosha. Poza hadi 43, tia mbegu ya pakiti kwa kipimo chake, koroga taratibu, kisha gawa kwenye vichupa vitano vya 200 ml vilivyochemshwa pamoja na vifuniko vyake. Viweke kwenye ndoo ya maji ya 43, uifunike kwa blanketi. Anza kuangalia baada ya saa nne. Inamisha kichupa: mtindi ukisogea wote kwa pamoja kama jeli, bila maji pembeni, ni wakati wake, pH iko karibu 4.6. Hapo hapo vitie kwenye maji baridi, ukibadilisha maji mara mbili, kisha friji ya sentigredi 4. Ukivisahau mpaka maji yajitenge, umevipoteza, hata kama vinanukia vizuri.

Kila kichupa ni asilimia 2 ya lita 10, yaani mbegu ya siku moja, na hakifunguliwi mpaka siku yake. Hivyo kila sufuria ya kuuza iko hatua moja tu kutoka kwa mama. Pakiti mpya ukiitunza kavu kwenye friza, unaweza kutengeneza mama kila baada ya siku tano. Umeme ukikatika usiku kucha, kichupa kilichopata joto la chumba hadi asubuhi usikitumie kama mbegu. Kinywe.

Unaweza kugandisha vichupa kwenye friza pia, lakini tarajia sufuria kuchelewa kama saa moja. Barafu huuchubua utando wa seli, na bulgaricus huumia zaidi ya mwenzake.

SWALI: Mimi ni mfugaji wa Kiruhura. Mnunuzi wangu amekataa maziwa akisema hayagandi, eti yana dawa. Ng'ombe mmoja kweli alidungwa penisilini kwa ugonjwa wa kiwele, lakini siku zilikuwa zimepita, na mnunuzi mwenyewe anachemsha maziwa. Dawa gani inavumilia kuchemshwa?
*Mzee wa ng'ombe, Kiruhura*

JIBU: Mzee wetu, penisilini yenyewe inavumilia. Kuchemsha dakika chache kunapunguza sehemu tu ya dawa, na thermophilus wa mtindi ni mwepesi mno kuumia. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, kwa penisilini ya sindano ni mikrogramu 4 kwa kilo moja ya maziwa. Ndiyo maana ng'ombe mmoja anatosha kuharibu kopo zima lililochanganywa na maziwa ya wenzake.

Namna dawa hiyo inavyoua ni habari ileile tuliyomweleza mama wa Mbarara. Penisilini haikati ukuta. Inamfunga mikono mjenzi: inavikamata vimeng'enya vinavyoshikanisha nyuzi mpya. Mkasi hauguswi, unaendelea kukata kama kila siku. Seli inajimaliza yenyewe. Ndiyo sababu penisilini inawaua bakteria wanaokua, na waliolala inawapita. Mbegu ya mtindi ikiingia kwenye maziwa ya uvuguvugu iko kwenye mbio za kukua, kwa hiyo iko hatarini kuliko wakati wowote.

Kabla ya kulaumiana, wewe na mnunuzi fanyeni jaribio la vichupa vinne. Mnahitaji maziwa yenye shaka na maziwa ya ng'ombe ambaye hajaguswa na dawa, pamoja na mbegu anayotumia mnunuzi na mbegu mpya ya pakiti iliyotumika kugandisha maziwa mara moja tu. Chemsheni maziwa yote, yapozeni hadi 43. Jazeni vichupa viwili vya 200 ml kwa kila maziwa, tieni kijiko kimoja cha chai cha mbegu, yaani 5 ml: kimoja mbegu ya zamani, kingine mpya. Wekeni vyote ndoo moja, angalieni baada ya saa tano.

Maziwa yenye shaka yakikataa kwa mbegu zote mbili na yale mengine yakaganda, kosa liko kwenye maziwa hayo, na dawa ndiyo ya kushukiwa kwanza. Mbegu ya zamani ikikataa kwenye maziwa yote mawili na mpya ikaganda popote, maziwa yako ni mazima na mbegu ya mnunuzi ndiyo mgonjwa. Hapo achukue kijiko cha chai cha maji kutoka kichupa kilichokataa chenye maziwa yasiyo na dawa, akitie kwenye maziwa hayohayo mapya yenye mbegu mpya. Nayo ikikataa, ana faji, yaani virusi vya bakteria. Faji huingia na mkasi wao wenyewe, hutoboa utando wa seli na kukata ukuta kutoka ndani, na kila seli inayopasuka hutoa faji wengi wapya. Kuvunjika huko si kwa uzee. Huja ghafla, sufuria inaanza vizuri kisha asidi inasimama katikati. Dawa yake ni kubadili mbegu kwa aina nyingine, kutorudisha maji ya mtindi kwenye chumba cha kupandia, na kuosha vyombo kisha kuvisuuza kwa klorini: 5 ml za dawa ya asilimia 4 kwa lita 1 ya maji, iachwe dakika 10.

Kuhusu siku zilizopita, mzee, hesabu inaanza sindano ya mwisho, si ya kwanza. Idadi ya siku ni ile iliyoandikwa kwenye chupa ya dawa husika. Na maziwa ya chuchu zote nne yanatengwa, hata kama iliyougua ni moja, kwa sababu dawa hupita kwenye damu. Mfunge kamba ya rangi mguuni ng'ombe aliyetibiwa ili mkamuaji wa zamu ya usiku asimkosee.

SWALI: Tunatengeneza jibini ya Gouda karibu na Fort Portal, vipande vya kilo 2. Ikifika miezi miwili ina uchungu unaobaki kooni. Usafi tumeusimamia. Tatizo ni mbegu, au ni sisi?
*Kikundi cha jibini, Fort Portal*

JIBU: Inawezekana ni yote mawili. Hapa mambo yanageuka: kwenye mtindi tunawazuia bakteria wasijimeng'enye, kwenye jibini tunawahitaji wapasuke, tena kwa wakati.

Uchungu huo si uchafu. Reneti, yaani kimeng'enya cha kugandishia maziwa ya jibini, na kimeng'enya kilichobandikwa nje ya ukuta wa bakteria huikata kasini, protini kuu ya maziwa, vipande vipande. Baadhi ya vipande, hasa vinavyotoka mkiani mwa beta-kasini, aina moja ya kasini, ni vichungu kama mwarobaini. Vimeng'enya vinavyoweza kuvikata zaidi mpaka vikawa asidi amino zenye ladha tamu na ya nyama vipo, lakini vimefungiwa ndani ya seli. Kimoja kinaitwa PepN, kingine PepX, ambacho ni hodari wa kufungua palipo na prolini, asidi amino inayojaa kwenye kasini. Seli ikibaki nzima, vipande vichungu vinarundikana nje na ufunguo uko ndani. Seli ikipasuka, ufunguo unamwagika ndani ya jibini.

Bakteria wanatofautiana sana katika hili. Aina fulani za Lactococcus cremoris hupasuka mapema, nyingine hukaa imara wiki nyingi, na hizo imara zenye kimeng'enya kikali cha nje ndizo mafundi wanaziita mbegu chungu. Kwa hiyo ulizeni muuzaji wa mbegu swali moja: aina hizi zinapasuka mapema kwenye jibini? Muuzaji anayeijua bidhaa yake atajibu. Njia nyingine ni kuongeza kiasi kidogo cha Lactobacillus helveticus kando ya mbegu ya kawaida, kwa kipimo cha pakiti. Yeye hupasuka kwa urahisi na ana vimeng'enya vingi vya ndani, na huleta utamu fulani kama wa karanga.

Sasa upande wenu. Angalieni reneti kwanza. Kwa reneti ya maji yenye nguvu ya 1:10,000, 20 hadi 30 ml zinatosha lita 100. Vikundi vingi huongeza maziwa yakichelewa kuganda, na reneti ya ziada hubaki ndani ya jibini ikitengeneza vipande vichungu kila siku. Maziwa yakichelewa, chunguzeni joto, liwe 30 hadi 32, na kama maziwa yalikuwa na dawa, kabla hamjaigusa chupa ya reneti.

Kisha joto la kuoshea. Mkishakata maziwa yaliyoganda na kutoa theluthi ya maji ya jibini, maji ya moto ya 55 hadi 60 yanaingia polepole huku mkikoroga, mpaka chombo chote kifike 36 hadi 38. Wengi huishia 34 kwa kuogopa kuua mbegu. Kwa 34 bakteria wanaendelea kuongezeka, idadi yao inapita kiasi, na kimeng'enya cha nje kinakuwa kingi. Kwa 38 wanasimama, na katika aina fulani za cremoris joto hilo huamsha faji aliyelala ndani ya jeni zao, naye huanza kazi ya kuwapasua. Ni ajabu, lakini faji anayetuharibia mtindi hapa anasaidia ladha. Msipite 40, maana mbegu itadhoofika mno kabla ya kumaliza sukari, na sukari iliyobaki italetea jibini matundu na mipasuko.

Chumvi nayo ina kazi mbili: huipunguza nguvu ya reneti juu ya beta-kasini, na huwadhoofisha bakteria hata wakapasuka. Maji ya chumvi yawe asilimia 18 hadi 20, joto 12 hadi 15, na kipande cha kilo 2 kilale humo saa 16 hadi 24, kikigeuzwa katikati. Pimeni chumvi kwa kipimo kila wiki. Kila jibini inayoingia hunywa chumvi na kuacha maji, kwa hiyo pipa linapoteza ukali hata kama kwa macho halijabadilika.

Vipande ambavyo tayari ni vichungu msivitupe. Viwekeni sentigredi 12 wiki nne hadi sita zaidi na kuonja kila wiki mbili. Seli zilizochelewa kupasuka zinaweza kupasuka katika muda huo, na uchungu ukapungua. Usipopungua kufikia mwezi wa nne, huenda chanzo ni reneti.

SWALI: Nasoma sayansi ya chakula Kampala. Nataka kulinganisha aina tatu za Lactococcus kwa kasi ya kujimeng'enya, lakini vifaa vyetu ni vichache. Nianzie wapi?
*Mwanafunzi, Kampala*

JIBU: Kaka, ukiwa na mashine ya kuzungusha mirija, kipimo cha mwanga na maji ya kuogeshea yenye joto thabiti, umepata. Kuza bakteria kwenye mchuzi wa M17, chakula cha maabara cha bakteria wa maziwa, wenye glukosi asilimia 0.5, sentigredi 30. Wavune wakiwa bado wanakua kwa kasi. Waliofika kileleni na kutulia kwa kawaida hupasuka taratibu zaidi, na ukichanganya umri wa seli utalinganisha umri badala ya aina. Wasuuze mara mbili kwa maji baridi yaliyotakaswa, kisha warudishe kwenye bafa (maji yanayoizuia pH isiyumbe) ya fosfeti ya milimola 50, pH 6.5, mpaka kipimo cha mwanga kwenye nanomita 600 kisome karibu 0.8. Gawa mirija mitatu kwa kila aina, iweke 30, na upime kila saa kwa saa sita, kisha saa ya 24.

Hesabu: toa somo la sasa kwenye somo la mwanzo, gawa kwa somo la mwanzo, zidisha kwa 100. Hiyo ni asilimia ya kupasuka.

Kosa linalowapata wengi ni kusahau kutikisa. Aina yenye minyororo mirefu hushuka chini, mwanga unapita, somo linaanguka, na mtu anaandika "imepasuka asilimia 60" wakati seli zote ziko nzima chini ya mrija. Geuza kila mrija mara tano kabla ya kusoma, na utazame tone moja kwa darubini mwanzo na mwisho. Kwa uthibitisho, zungusha sampuli na upime kwenye maji ya juu kimeng'enya cha ndani ya seli, laktati dehidrojenesi. Kikiwa huko nje, ukuta umevunjika kweli.

Maabara yako ikiweza kuendesha jeli ya protini, tia ndani ya jeli asilimia 0.2 ya seli zilizouawa za Micrococcus luteus, endesha sampuli, kisha iogeshe jeli usiku kucha kwenye bafa yenye Triton X-100, sabuni ya maabara, asilimia 1. Mkasi hujikunja upya na kuanza kukata seli zilizo kwenye jeli. Penye mkasi panaonekana mstari mweupe unaopitisha mwanga ndani ya ukungu. AcmA hutoa mistari miwili, karibu kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 46 na 41: wa kwanza ni ule ambao bado una kipande cha kutolea nje ya seli, wa pili umekwisha kukatwa kipande hicho.

SWALI: Kama bakteria wa mtindi wamekwisha kupasuka, mtindi huo bado unamfaa mtu ambaye maziwa yanamvuruga tumbo?
*Msomaji, Arua*

JIBU: Unamfaa kiasi, dada. Kinachomsaidia ni kimeng'enya cha bakteria kinachovunja sukari ya maziwa. Seli nzima hukibeba salama kupita asidi ya tumbo, kisha nyongo huidhoofisha seli na kimeng'enya kikatoka mahali kinapohitajika. Kikimwagika mapema ndani ya kopo, asidi ya tumbo hukiharibu kwa urahisi zaidi. Kiwango cha Codex kinataka mtindi uwe na bakteria hai milioni 10 au zaidi kwa kila gramu hadi siku ya mwisho ya kuuzwa. Nunua mtindi uliotengenezwa siku chache zilizopita, uliokaa baridi muda wote, na usiuchemshe kabla ya kumpa mgonjwa.